Gereji isiyo na gari: stoo yangu ya nguo na vifaa vya kuvulia, hadi sasa

Haya, leo ndo nimepata nafasi ya kukaa niandike, mikono bado inanuka grisi. Nipo Tanga, Sahare, nyumba ina gereji ambayo gari halijawahi kulala humo tangu tuhamie, kuna pikipiki, jenereta bovu, na kila kitu ambacho mama Salma amekataa kisiingie ndani. Yaani rodi mbili za kuvulia, rili tatu za kukunjia mshipi, mishipi, ndoana, chubwi za kuzamishia ndoana, laifu jaketi, koti la mvua, buti za mpira, zile suruali na mashati ninayoendea baharini wikendi, na kwenye kona jarife, yaani wavu mkubwa, la marehemu baba. Majarife ya papa, yale ya kuzama chini kabisa, ndo yaliyokuwa yanapandisha silikanti huku kwetu miaka ile ya 2004 na kuendelea, watu wakawa wanaulizana samaki gani huyu mwenye mapezi kama miguu. Mimi sivui nalo, mimi mtu wa mshipi tu, changu wawili watatu na siku ya bahati kolekole, ila kulitupa siwezi.

Nilianza Februari. Akili yangu ilikuwa adui ni vumbi na panya, kwahiyo nikanunua makontena manne ya plastiki yenye vifuniko vya kubana, nikafua nguo kwa haraka haraka, nyingine nikaanika tu maana zilionekana safi, nikakunja, nikafunga, nikaandika kwa maka pen "NGUO", "RILI", nikajiona fundi. Masika ikaingia. Katikati ya Aprili nafungua kontena la nguo, aisee, harufu ilinirudisha hatua mbili nyuma, ukungu wa kijani mpaka kwenye kola, na zipu ya koti imeganda nyeupe haisogei mbele wala nyuma. Kontena la rili ndo sitaki kulisema sana, rili moja mkono haukuzunguka kabisa na ndoana zote za boksi zimeshikana kutu kama kashata.

Nikaweka vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Havikufanya kitu. Nikaweka mkaa kwenye soksi, afadhali kidogo, lakini shati likianikwa juani mchana kutwa linakauka kauu, usiku ukilishika lina ubichi tena. Hapo nikachanganyikiwa kweli.

Jibu nililipata jikoni, wala sikuwa nalitafuta. Nimekaa nakula, mama Salma anagonga kikopo cha chumvi mezani haitoki, imelowa, na ndani kaweka punje za mchele kama wanavyoweka watu wote wa pwani. Nikaacha kijiko. Chumvi! Chumvi hii ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 inavuta maji yenyewe mpaka inayeyuka, na Tanga asubuhi nyingi tuko juu ya hapo, masika ndo usiseme. Sasa shati langu lina chumvi ya bahari kwenye kila uzi, nalianika linakauka, likiingia kivulini linakunywa hewa, halafu mimi nalifungia kwenye plastiki na kifuniko cha kubana. Nilikuwa naloweka nguo bila maji.

Kwahiyo nikaanza upya. Sasa hivi nikirudi, kabla hata ya kutoa samaki kwenye ndoo, madiaba mawili ya maji baridi yapo nje ya mlango. Nguo zote zinalowekwa la kwanza, zinahamia la pili, ndo sabuni inafuata. Siku za mwanzo mama Salma alikuwa anasema, "Baba Salma, maji ya bomba yanalipiwa," na ni kweli, kwahiyo maji ya diaba la pili yanakuwa ya kwanza ya buti na laifu jaketi. Rili nazimwagia maji taratibu kwa kikombe, sio mpira wa presha kama nilivyokuwa nafanya, ile presha inasukuma chumvi ndani kwenye bearingi. Nafuta, naziacha usiku kucha kwenye hewa, tone la mafuta ya cherehani kwenye mkono na rola, nalegeza breki ndo nahifadhi. Ndoana iliyoingia majini hairudi kwenye boksi la wenzake, moja mbichi inaozesha zote.

Halafu gereji yenyewe ilikuwa haipumui. Fundi kanitobolea ukuta, tofali za matundu mstari mmoja juu upande wa kaskazini na mwingine chini upande wa kusini, nikaweka wavu wa mbu kwa ndani. Nikasahau kitu ambacho hata mtoto wa Tanga anakijua, kwamba masika inakuja na kusi, upepo wa kutoka kusini. Mvua ya kwanza ikaingia mlalo kupitia matundu yangu mapya, asubuhi nakuta buti zimejaa maji kama mitungi. Nimeongeza kipande cha bati kwa nje kama kope, sasa upepo unapita mvua haipiti.

Kutundikia nguo nilianza na bomba la chuma, likaacha mistari ya kutu mabegani. Nikasema basi kamba ya mkonge, sisi si ndo wenyewe, mmea umeletwa huku tangu 1893 na yule Mjerumani Hindorf kutoka Florida, babu zetu wakaukata mpaka migongo ikapinda, leo niende kununua kamba ya nailoni? Wiki tatu mkonge ukalegea, ukaota ukungu, nguo zikafika sakafuni. Uzalendo ukaishia hapo. Saa hizi ni bomba la plastiki la inchi moja na nusu, limening'inizwa kwa nailoni.

Jirani yangu mzee mmoja, zamani alikuwa mfuata nyayo kwenye kambi za uwindaji Selous, kabla sehemu kubwa haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere 2019. Nilimwamkia shikamoo akapitiliza ndani moja kwa moja, akasimama ananusa. "Marahaba. Hii petroli inakaa na nguo?" Nikamwambia mzee, mimi navua, samaki hawanusi shati. Akacheka, akanisimulia kwamba kwao nguo ya porini haikufuliwa na sabuni ya marashi wala kulala karibu na jiko au mafuta, maana nyati akikupata kwa pua kabla hujamwona siku imekwisha, na walitembea na kisoksi cha majivu wanakitikisa kuona upepo unaenda wapi. Ila kilichonigusa ni alichosema kuhusu bunduki. Mfuko wake wa ngozi ni wa safari tu, ikifika kambini inatolewa, inafutwa, inapakwa mafuta, inafungiwa pakavu, kwa sababu ukiilaza ndani ya ngozi ile inashika unyevu na kuila chuma. "Mwanangu, wewe uliilaza bahari kwenye sanduku." Mzee kaona kwa dakika tano kilichonichukua miezi mitatu.

Jenereta na dumu la petroli vimehamia kibanda cha nje. Makontena nimeyatoboa pembeni kwa msumari wa moto, yanabeba chubwi na vitu visivyo na roho. Mishipi iko kwenye boksi la giza, jua linaimaliza nailoni. Jarife nimelikunjua, nimeliosha mara tatu, nimelipandisha kwenye kenchi, na kwenye pembe moja nimekuta fundo la baba ambalo sijui kulifunga mpaka leo. Nimeliacha lilivyo.

Mama Salma aliingia juzi Ijumaa kutafuta ndoo, akasimama, akavuta pumzi, akatoka hajasema neno. Jana naenda kuchukua koti langu, nakuta kwenye bomba buibui zake tatu na shuka za wageni. Anasema kabati la chumbani linanuka.

Kesho naenda kununua bomba la pili.