Anti, rauta na wapangaji

Mwezi wa nne 2020 Nairobi ikiwa imefungwa sababu ya korona, hakuna kutoka mjini hakuna kuingia, Anti akanipigia simu ati niende kwake Buruburu niangalie waifai. Anti ni mhasibu amestaafu, na nyuma ya nyumba yake ako na vyumba amejengea wapangaji, na hao wapangaji anawaendesha vizuri kushinda maejenti wengi wa hii mji. Stima kila mtu na mita yake, maji anajua nani aliacha mfereji wazi, risiti anaandika na mkono. Kitu ilikuwa imemshinda ni rauta, kale kasanduku keupe nyuma ya TV kenye hugawa waifai.

Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa hivyo binti yake wa form three alikuwa anasomea kwa simu, na kila mwalimu akifika pahali pa maana picha inasimama, mdomo wazi. Anti alikuwa ashaamua kuna mtu anakula intaneti yake. "Nionyeshe ni nani, halafu umtoe." Na si swali la ajabu, mtu analipia kitu kila mwezi anataka kujua nani anatumia.

Sasa jaribu kumjibu. Kwanza unafungua brauza unaandika 192.168.1.1, tarakimu ambazo hakuna mtu aliwahi kumuambia ziko. Inaitisha jina na paswadi, naweka admin na admin, ikafunguka tu hivyo. Fundi wa kampuni alifunga waya akaenda zake. Nikampigia Anti stori ya Mirai, ile programu mbaya ya 2016 ilikuwa inazunguka intaneti ikijaribu paswadi za kiwandani kwa kamera na rauta za watu, zenye zilifunguka zikageuzwa jeshi, na Oktoba hilo jeshi likaangusha Dyn, kampuni ilikuwa inaelekeza watu kwa tovuti wanatafuta, mpaka Twitter na Netflix zikapotelea watu wengi Marekani. Anti akaweka miwani yake chini. "Yaani hii yangu inaweza kwenda kupigana Marekani na mimi niko hapa nachambua sukuma?" Nikamuambia inaweza. "Badilisha saa hii." Tukabadilisha. (California walikuwa na sheria tangu Januari ya huo mwaka, kifaa kiuzwe na paswadi yake peke yake ama kikulazimishe kuweka mpya. Huku unaombea tu fundi asikuwe na haraka.)

Halafu ndio tukafika kwa orodha yenyewe. WAN, LAN, DHCP, unapita hizo zote, mtu aliandika hizo kurasa alikuwa anaandikia mainjinia wenzake na hakufikiria mama wa Buruburu hata sekunde. Vifaa vilikuwa vingi kuliko watu na hakuna hata moja ilikuwa na jina la mtu. Hii ni "android" na mkia mrefu wa herufi, ile ni "unknown", na kando ya kila moja namba ya MAC, ile kifaa hupewa kiwandani, herufi na tarakimu 12. Nusu ya kwanza ya hiyo namba huonyesha kampuni iliyotengeneza kifaa, kwa hivyo nikamuambia Anti, hii ni Samsung. "Samsung ya nani?" Hapo nikanyamaza.

Mimi nilikuwa nimeanza kukisia, Anti akaenda akaleta daftari la rent, akapindua nyuma kwa kurasa safi, akavaa maski akatoka nje. Anabisha mlango, "zima waifai yako kidogo", mimi huku ndani naangalia ni gani imepotea kwa orodha, napiga kelele kwa dirisha, anaandika. Na rauta haikubali haraka kwamba simu imeenda, kwa hivyo kila mlango tunangoja, mpangaji amesimama hapo na maski yake kama ameshtakiwa. Chumba cha nne, Samsung, inaishia na 7E. Chumba cha kwanza, laptopu na simu mbili, na Anti akauliza mbona mbili na unaishi peke yako, jambo halikuwa la waifai lakini liliandikwa.

Ikabaki moja haina mwenyewe. Mpangaji mmoja akasema polepole alikuwa amepea kijana wa ng'ambo ya ukuta paswadi. Nikaifungia. Hatujamaliza chai kuna kifaa kipya kwa orodha. Tangu Android 10 ya 2019 simu inaweza kuipa rauta namba ya kubuni badala ya ile halisi, na kijana akigeuza hapo kwa setingi anaonekana mgeni kabisa. Kwa mwenye simu ni kitu poa, inafanya iwe ngumu kumfuatilia kila mahali. Kwa Anti ni kama kufukuza mtu na anarudi na koti ingine.

Basi tukaacha kufukuzana na namba. Paswadi mpya ya nyumba, ya Anti na binti peke yao, halafu nikafungua waifai ya pili kwa rauta hiyo hiyo, jina WAPANGAJI, paswadi inabadilishwa kila mwezi na inaandikwa kwa risiti ya rent. Nikamuambia huo mwezi watu wengi hawana kazi, hawatalipa kwa wakati. "Mwenye mtoto wa shule atapewa hata kama hajalipa," akasema, "wengine tutaongea." Kasanduku tukakatoa nyuma ya TV tukakaweka juu kwa korido, kuta za mawe za Buruburu hazipitishi vizuri waifai ya 5 GHz, ile ya kasi, na hiyo peke yake ilisaidia binti sana.

Kafyu ilikuwa saa moja jioni na ilikuwa ishapita, nikalala kwa kochi.

Baadaye kampuni ikaleta rauta ingine na fundi mwingine, majina yote tuliweka kwa ile ya kwanza yakapotea, paswadi ikarudi admin. Fundi akatoa fomu ya kusainiwa. Anti akatoa daftari, akamuonyesha kiti, na kijana wa watu akaingiza majina chumba baada ya chumba mpaka mwisho ndio akapata sahihi.