Ridhaa au kulipwa? Ushangiliaji wa Marekani una hesabu zake

Kwenye ngumi tumezoea mstari ulionyooka: bondia wa ridhaa anapigania medali, wa kulipwa anapigania fedha. Ukiupeleka mstari huo kwenye ushangiliaji wa Marekani (cheerleading) utapotea njia. Huko walio hodari zaidi, wanaorushana juu na kupiga sarakasi kwa dakika 2 na nusu mbele ya majaji, ndio wanaotoa fedha mfukoni: ada ya klabu, sare, nauli, kiingilio cha mashindano. Wanaolipwa ni wale wa pembeni ya uwanja wa NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa miguu wa Kimarekani, na kazi yao haina kombe la kushindania.

Na malipo yenyewe yasikudanganye. Januari 2014 mshangiliaji mmoja wa Oakland Raiders, timu ya NFL, alikwenda mahakamani. Mkataba ulimpa dola 1,250 kwa msimu mzima, zitolewe msimu ukishakwisha, huku mazoezi na shughuli za hisani zikifanywa bure. Kesi iliishia kwenye suluhu ya dola milioni 1.25, na mwaka 2015 California ikatunga sheria kwamba washangiliaji wa timu za kulipwa ni waajiriwa. Kwa hiyo mkataba wa namna hii usomwe kuanzia saa, si kuanzia jumla. Gawanya malipo kwa saa zote, za mazoezi zikiwemo, ulinganishe na kima cha chini cha jimbo. Angalia pia lini unalipwa, nani analipia nywele na vipodozi, na faini zinakatwa kwa kosa gani.

Vyuoni ndiko watu wengi wanakosea. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haiutambui ushangiliaji kama mchezo. Mwaka 2010, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac, hata jaji wa shirikisho alikataa uhesabiwe kuwa mchezo wa kutimiza sheria ya usawa wa kijinsia vyuoni. Hilo liliwauma wengi, na kwa haki, maana anayerushwa juu akidondoka huumia kama mwanamichezo yeyote. Lakini lilikuwa na upande wa pili: kanuni za ridhaa za NCAA hazikuwafunga washangiliaji. Mshangiliaji aliweza kufundisha kambi za kiangazi kwa malipo au kutangaza bidhaa wakati wacheza kikapu wa chuo hichohicho walisubiri hadi Julai 2021 kuruhusiwa kuuza jina na sura zao.

Mtego uko kwa mwenye michezo miwili. Akiwa pia kwenye timu ya riadha au jimnastiki ya chuo, kanuni za mchezo ule zinamfuata hadi huku. Tena isichanganywe na michezo miwili iliyozaliwa na ushangiliaji, sarakasi za vyuo na STUNT, ambapo timu mbili hushindana ana kwa ana: hiyo iliingia kwenye orodha ya NCAA ya michezo inayochipukia, wa kwanza 2020, wa pili 2023, na kanuni zake zinabana. Mazoezi yanafanana sana. Makaratasi ni tofauti kabisa. Sekondari nako kila jimbo lina chama chake, basi kanuni ziulizwe kabla ya kupokea zawadi, si baada.

Dansi ya ukumbini ina mpaka ulio wazi zaidi. Tamasha la Blackpool, Uingereza, lililoanza 1920, hutenganisha mashindano ya ridhaa na ya kulipwa. Kuna pia aina ambayo mwanafunzi hucheza na mwalimu wake anayelipwa: mwanafunzi hugharamia masomo na viingilio, na majaji humpima yeye peke yake.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki aliye chuoni Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, swali zito halitoki kwa chama cha michezo bali uhamiaji. Kufundisha klabu ya mtaani kwa malipo ni kazi nje ya chuo, na bila kibali kunaweza kumvurugia viza. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni iulizwe kwanza, na jibu lichukuliwe kwa maandishi.