Kidude cha Kuhesabia Watu

Wikiendi ile nililipwa kubonyeza. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni mwa galari moja ya Berlin, yaani nyumba ya kuonyesha na kuuza picha, ndani ya ua wa Potsdamer Straße, na kila anayeingia nibonyeze kidude cha chuma mara moja. Kinakaa kiganjani, kitufe cha dole gumba kiko juu, na kidirisha chake kina tarakimu nne. Pembeni kuna kifundo cha kuzirudisha zote kwenye sifuri. Kupunguza moja moja hakiwezi.

Nilipopewa nilicheka kimoyomoyo, maana nakijua. Bibi yangu wa Tanga alikuwa nacho, alirudi nacho kutoka Makka alipokwenda kuhiji. Vidole vilimuuma, shanga za tasbihi zikawa hazimwendei, basi nyiradi zake za baada ya sala akawa anazihesabia humo. Tik, tik, tik, mpaka jua litoke. Alipofariki nikakichukua mimi, na tabia yake nikaichukua pia.

Ilikuwa mwaka 2022, Ijumaa tarehe 29 Aprili hadi Jumapili tarehe 1 Mei. Jambo lenyewe linaitwa Gallery Weekend, lilianza mwaka 2005. Wenye galari walikubaliana wafungue maonyesho yao mapya wikiendi moja, mji mzima, ili mnunuzi anayetoka Zürich au New York apande ndege mara moja akaone yote. Mwaka ule zilikuwa galari hamsini na ushei. Kwa matajiri kuna magari meusi ya kuwazungusha na karamu za usiku. Kwa sisi wengine kuna ramani ya karatasi na milango wazi, bila kiingilio. Milango wazi si jambo dogo, kwa sababu siku za kawaida baadhi ya galari hizo ziko ghorofa ya pili au ya tatu nyuma ya ua, unabonyeza kengele, mtu anakuangalia kwanza viatu.

Lakini mimi nilikuwa nimefunga. Ijumaa ile ilikuwa siku ya ishirini na nane ya Ramadhani, na mwishoni mwa Aprili jua la Berlin haliharakishi kuzama: magharibi inaingia saa mbili na nusu usiku. Kuanzia saa kumi na mbili jioni watu waliingia kwa makundi, wengi wakiwa na bilauri ya mvinyo mkononi, nami mlangoni na mtandio wangu, tende mbili kwenye mfuko wa koti. Nilifuturu huku nikibonyeza. Kijana wa Kijerumani niliyekuwa naye zamu alinishikia ramani kwa dakika tatu nimeze maji, halafu akaniuliza kama naruhusiwa kumhesabu yeye. Hairuhusiwi. Wafanyakazi hawahesabiwi, watoto wa kubebwa hawahesabiwi, na anayeingia kuulizia choo tu hahesabiwi. Masharti hayo nilipewa na mama mwenye galari kwa uzito mkubwa kuliko maelezo yoyote ya zile picha.

Picha zenyewe zilikuwa tano, kubwa, za kijivu. Nilizisimamia siku tatu na bado siwezi kusema kama nilizipenda. Moja ilikuwa na ufa mdogo wa rangi chini kulia, kama ukoko wa wali, na hiyo ndiyo niliyoizoea. Bei haikubandikwa ukutani. Ilikuwa kwenye karatasi mezani, na mtu akiuliza namwelekeza huko. Waliouliza choo walikuwa wengi kuliko waliouliza bei.

Jumamosi ndipo nilipoharibu.

Asubuhi watu walijaa. Kila saa nilitakiwa kuandika hesabu kwenye karatasi. Saa kumi jioni niliandika 486. Baada ya hapo pakapoa. Nadhani wengi walikwenda kula. Njaa yangu ilikuwa imekwisha kupita ile hatua ya kuuma, imebaki ile ya kuelea. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa ya mfungo, simu ilikuwa mfukoni inatetemeka kila dakika: kila kundi la WhatsApp linauliza mwezi umeonekana Saudia au haujaonekana, Idi ni kesho au keshokutwa. Nilisimama, mgongo ukutani, nikaanza nyiradi zangu taratibu, midomo imefungwa. Subhanallah thelathini na tatu, Alhamdulillah thelathini na tatu. Nikarudia. Nikaingia kwenye istighfari.

Saa kumi na moja nikachukua kalamu, nikatazama kidirisha. 688.

Katika saa ile nzima walikuwa wameingia watu kama thelathini. Nilihisi joto la aibu likipanda toka shingoni. Dole gumba langu lilikuwa limefanya kazi yake ya miaka yote. Nikakaa najaribu kukumbuka: raundi ngapi? Istighfari nilifika mia? Sikujua, na huwezi kutoa usichokijua. Nikasema nitamwambia mama mwenye galari akipita. Akapita, akanishika mkono, akakigeuza kidude akasoma mwenyewe.

"Mia sita themanini na nane! Na saa moja ya kufunga mlango bado mbali!"

Akamwita mwenzake aje aone. Mwaka uliotangulia korona ilikuwa imewabana, sasa barakoa zimebaki kwenye treni na sehemu chache tu, na yule mama alikuwa na uso wa mtu aliyeona mvua baada ya kiangazi. Nikanyamaza. Si jambo la kujivunia, na nikiwa nimefunga.

Mwezi haukuonekana. Idi ikawa Jumatatu, na Jumapili tukafunga siku ya thelathini.

Siku hiyo alikuja Ami. Si ndugu yangu wa damu. Ni Mzanzibari mmoja wa makamo ya baba yangu, na sisi wanafunzi wote tunamwita hivyo. Alipelekwa Ujerumani Mashariki miaka ya themanini kujifunza umakanika, Kijerumani akafundishwa Leipzig, ukuta wa Berlin ukaanguka naye akabaki. Anakaa Wedding, kaskazini mwa Berlin, karibu na Sansibarstraße, yaani Mtaa wa Zanzibar, basi ukimuuliza anakaa wapi anakujibu, "Unguja." Jirani yake wakati ule bado kulikuwa na Petersallee, barabara iliyopewa kwanza jina la mkoloni Carl Peters, jina ambalo Mtanzania yeyote aliyesoma historia linamkera; miaka miwili baadaye kipande chake kimoja kikaja kuitwa Maji-Maji-Allee.

Nilikuwa nimemwalika kwa maneno mengi, kwa sababu aliamini galari ni ya kulipia.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Swaumu vipi?"

"Inashuka."

Nikabonyeza, tik. Akasimama kizingitini, kofia yake ya kiua kichwani, na wala hakuzitazama picha. Alitazama dari. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya pili, akaipapasa kwa chini, karibu na sakafu, pale ambapo rangi nyeupe mpya imefunika sehemu iliyomeguka.

"Hapa nimepagonga mimi," alisema. "Na kigari cha ndoo."

Majengo yale yalikuwa makao ya gazeti la Der Tagesspiegel mpaka mwaka 2009, hilo nilikuwa nimelisoma. Nisilolijua ni kwamba Ami aliyafagia. Alinionyesha ilikokuwa meza, lilikokuwa pipa la karatasi, mlango ambao sasa ni ukuta wenye picha ya tatu. Mwanamke mmoja aliyevaa miwani mikubwa alisogea kusikiliza, akidhani ni ziara ya maelezo; Ami akamwelezea kwa Kijerumani, kwa adabu zote, kuhusu pipa la karatasi.

Saa moja tukafunga galari. Mama mwenye galari akaandika jumla ya siku tatu, akaipigia mstari mara mbili. Nikarudisha kidude kwenye boksi lake.

Ami alikuwa akinisubiri uani ili tukafuturu kwake. Tukapanda treni Kurfürstenstraße, vituo vitatu, tukabadilisha Hallesches Tor kuelekea kaskazini. Humo ndimo nilipomwambia habari ya Jumamosi na zile nyiradi. Alicheka nyuma ya barakoa mpaka miwani ikafanya ukungu, akaivua akaifuta kwa ncha ya shati.

"Basi mle ndani wameingia mpaka malaika," alisema. Halafu akaniuliza, "Na mimi umenibonyeza mara ngapi?"

"Mara moja, Ami. Uliingia mara moja."

"Mara moja?" Akaivaa miwani. "Mlango ule nimeuingia miaka kumi na moja, kila siku kabla ya alfajiri."