Siku moja kwenye dawati la waandishi waliofungwa ugenini

Saa 11 alfajiri

Ujumbe umenikuta kitandani: ripota wa kujitegemea na mkalimani wake wamechukuliwa hotelini usiku wa manane na watu waliovaa kiraia. Nipo kwenye shirika dogo linalofuatilia waandishi wanaokamatwa nchi za watu, kwa hiyo majina yao na nchi yenyewe ni kapuni.

Kabla ya chai nimeshaamsha watu. Mhariri anafunga akaunti za barua pepe za ripota kutoka mbali, rafiki zake wanamtoa kwenye makundi yote ya kuchati. Simu yake iko mikononi mwa wapelelezi, na waliompa habari ndio watakaofuatwa kwanza.

Saa 1 asubuhi

Viza. Aliingia kama mtalii. Najua mnaguna, lakini viza ya uandishi unaweza kuisotea miezi na isitoke. Waendesha mashtaka hupenda kuanzia hapo. Wasweden Martin Schibbye na Johan Persson walivuka kutoka Somalia kuingia Ogaden, Ethiopia, mwaka 2011 bila kibali. Kuingia kinyume cha sheria kukaunganishwa na kusaidia ugaidi, wakapigwa miaka 11. Walitoka kwa msamaha Septemba 2012.

Saa 3

Mama yake yupo kwenye simu. "Mwanangu, tupige kelele au tunyamaze?"

Uamuzi ni wake, si wangu, ila akiniuliza naona nini, namwambia. Maadamu hawajamfungulia mashtaka, huenda wakamkatia tiketi na kumfukuza; ukimtangaza sasa unawaonyesha wameshika mtu wa thamani. Siku wakisoma shtaka la ujasusi, kimya hakina faida tena. Evan Gershkovich wa Wall Street Journal alikamatwa Yekaterinburg, Urusi, tarehe 29 Machi 2023 kwa tuhuma hiyo. Gazeti lake lilipiga kelele tangu mwanzo hadi alipoachiwa kwenye ubadilishanaji wa wafungwa tarehe 1 Agosti 2024, wiki mbili tu baada ya kuhukumiwa miaka 16.

Mama anataka tusubiri hadi kesho. Sawa, tunasubiri.

Saa 5

Ubalozi. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 inampa mgeni haki ya ubalozi wake kuarifiwa akiomba, na maofisa wake kumtembelea. Arifa itolewe "bila kuchelewa", basi. Saa hazikutajwa, na wanaoshikilia watu wanalijua hilo vizuri.

Ofisa ananiuliza swali nililokuwa naliogopa: ana pasipoti ngapi? Mbili, moja ni ya nchi hiyohiyo iliyomkamata. Akashusha pumzi. Jason Rezaian wa Washington Post, Mmarekani mwenye asili ya Iran, alikaa siku 544 kizuizini tangu Julai 2014, na Tehran ilimhesabu kuwa Muirani basi. Mwandishi Dawit Isaak ana uraia wa Sweden na wa Eritrea. Alikamatwa Septemba 2001 na hajawahi kufikishwa mahakamani.

Saa 8 mchana

Nimekula nimesimama. Vyombo vitatu vimeshapiga vikiulizia ripota. Hakuna hata kimoja kilichomtaja mkalimani.

Hapa ndipo kazi hii inaponikera. Mkalimani ndiye anayepanga miadi, anayejua barabara ipi ina kizuizi, na familia yake inaishi hapohapo. Angalieni kesi ya Al Jazeera mjini Cairo. Peter Greste, Mohamed Fahmy na Baher Mohamed walikamatwa Desemba 2013. Juni 2014 wawili wa kwanza walipewa miaka 7. Baher, Mmisri asiye na pasipoti nyingine, alipewa 10; mitatu ya ziada ni kwa sababu ya ganda la risasi iliyokwisha kupigwa. Februari 2015 Greste alirudishwa kwao Australia. Fahmy, mwenye uraia wa Kanada pia, akaukana ule wa Misri akitarajia kupita njia hiyohiyo. Haikumsaidia. Yeye na Baher walirudi kizimbani, wakafungwa tena, na wakaachiwa kwa msamaha wa rais Septemba 2015.

Saa 10

Barua za kwenda kwa wafungwa wengine. Za kwenda kwa Gershkovich kule Lefortovo, gereza la Moscow, zilipita kwa wakaguzi wa gereza, hivyo marafiki walizitafsiri kwa Kirusi kwanza. Nasisitiza yaleyale kwa waandikaji: msiguse kesi wala siasa. Leo mmoja ameandika kurasa mbili nzima juu ya mbwa wake anayeogopa ngazi. Hiyo nimeipitisha bila kufuta herufi.

Saa 12 jioni

Naingiza majina kwenye jedwali letu. Sensa ya Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari (CPJ) ya tarehe 1 Desemba 2024 ilikuta waandishi 361 gerezani duniani, na wengi wao wamefungwa na serikali zao wenyewe. Wageni ni wachache, ila ndio wanaopata vichwa vya habari.

Saa 3 usiku

Wakili ameandika: kesho asubuhi ripota anapelekwa mbele ya hakimu. Mkalimani hayumo kwenye orodha, na kituo alikopelekwa hakijulikani.

Nimempigia mke wake. "Dada, nani mwingine alimwona akichukuliwa?" Amenitajia mlinzi wa hoteli. Wakili ataanza na huyo, kisha azunguke vituo vyote vya mji. Ada ya kazi hiyo ya pili tunalipa sisi, na taarifa yetu ikitoka itakuwa na majina mawili.