Kutoka Uwanja wa Shabaha hadi Ndege wa Ghuba ya Wash

Safari hii niliipanga kwa kufuata mwezi. Ghuba ya Wash, iliyoko kati ya kaunti za Norfolk na Lincolnshire katika pwani ya mashariki ya Uingereza, huonyesha ndege wake kwa ukamilifu wakati wa bamvua tu, pale maji yanapojaa hadi kufunika matope yote. Nilichambua ratiba ya maji ya mwezi wa Oktoba hadi nikapata Jumapili ambayo maji yangejaa asubuhi, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na Jumamosi iliyotangulia nikaitenga kwa ajili ya kulenga shabaha katika uwanja mmoja ulioko mashambani, si mbali na mji wa King's Lynn. Mimi ni mgeni katika nchi hii, nimeletwa na kazi, na katika maisha yangu ya ugenini hakuna kilichonipa furaha kama mambo haya mawili: kuvunja visahani hewani kwa bunduki ya marisau, na kutazama ndege wa porini. Wapo wanaoniuliza inawezekanaje mtu mmoja ayapende yote mawili. Jibu langu ni kwamba la kwanza ndilo lililonifundisha la pili, na safari hii ilinithibitishia hivyo kuliko nyingine yoyote.

Treni ya kutoka kituo cha King's Cross jijini London hupita Cambridge na Ely, na baada ya hapo nchi yote inakuwa tambarare. Hapo zamani palikuwa na vinamasi vikubwa, vikakaushwa kwa mifereji, kazi iliyopamba moto katika karne ya 17, na leo ni mashamba meusi yanayofika hadi upeo wa macho. Uwanja wa shabaha nao uko katikati ya mashamba kama hayo, nyuma ya safu ya miti inayozuia upepo.

Sheria ya silaha ya mwaka 1968 inamtaka anayemiliki bunduki ya marisau awe na cheti cha polisi, lakini inamruhusu asiye nacho kulenga visahani mahali na wakati ambao mkuu wa polisi wa eneo ameuidhinisha kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mgeni kama mimi hupewa bunduki na mwenye uwanja, na mwalimu husimama begani kwake. Taratibu zake nazipenda kwa ukali wake. Bunduki haibebwi ikiwa imefungwa. Hukunjwa wazi ili kila mtu aone kwamba mitutu yake haina kitu, na risasi huwekwa ukiwa umeshasimama kwenye kizimba cha kulengea, mitutu ikiwa imeelekea uwanjani. Miwani na vizuia sauti vya masikioni ni lazima, hata kwa mtazamaji.

Kisahani chenyewe ni kitu dhaifu, mchanganyiko wa lami na unga wa mawe ya chokaa, kipenyo chake milimita 108, nacho hurushwa na mtambo wenye mkono wa chuma. Marisau huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde kufika umbali wa mita 35, na katika muda huo kisahani kinachokwenda mita 20 kwa sekunde kinakuwa kimesogea mita 2. Anayekilenga pale kilipo atakuwa anapiga hewa. Inabidi bunduki itangulie, na iendelee kutembea hata baada ya kufyatua. Lakini anayejaribu kuupima umbali huo kwa jicho, akatazama mtutu kisha kisahani kisha mtutu tena, atakikosa vilevile, kwa sababu mikono husimama pale jicho linapohama. Mwalimu wangu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa na amri moja aliyoirudia kwenye kila kizimba: macho yote mawili yawe wazi, yakae kwenye ukingo wa mbele wa kisahani, na bunduki ije yenyewe shavuni.

Uwanja wa aina hii umepangwa kwa kuiga ndege. Kipo kizimba ambacho kisahani hutoka juu sana kikimjia mlengaji usoni, kama kwale wa msituni aliyefurushwa. Kipo kingine ambacho kisahani hupanda wima kutoka chini, husimama hewani kwa kufumba na kufumbua, kisha huanguka. Hicho ni bata mdogo anayeruka kutoka bwawani. Mwalimu alinionyesha kwamba kila kimoja kina mahali pa kukisomea: unatafuta pale kinapoonekana kwa mara ya kwanza, unatafuta pale kinapopungua kasi, na miguu yako unaielekeza huko kabla hujaita kirushwe. Niliposhika hilo, visahani vilianza kupasuka na kuwa moshi mweusi, na furaha ya moshi ule siwezi kuifananisha na ya mchezo mwingine wowote nilioucheza.

Nashukuru kwamba mchezo huu ulishaachana na ndege walio hai. Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 ilikuwa na shindano la kuua njiwa waliofunguliwa kutoka vitunduni, na Uingereza yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1921 ndipo ikapitisha sheria ya kupiga marufuku kuwalenga ndege waliofungiwa na kuachiliwa kwa ajili hiyo. Kisahani kinatoa kila kitu ambacho mlengaji anakihitaji, yaani mwendo, pembe, upepo na mashaka, na hakuna kiumbe kinachoumia.

Jioni nilipanda basi linalofuata barabara ya pwani hadi Snettisham, nikalala mapema.

Niliamka kukiwa giza. Kutoka kijijini hadi ukingo wa ghuba ni mwendo mrefu kidogo, na njia hupita kando ya mabwawa yaliyochimbwa wakati changarawe ilipochukuliwa kujengea viwanja vya ndege za vita, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sasa mabwawa hayo ni hifadhi ya RSPB, chama cha kulinda ndege kilichoanza mwaka 1889 kwa juhudi za wanawake waliopinga biashara ya manyoya ya kupambia kofia. Watu walikuwa wameshajipanga kwenye tuta, kila mmoja na darubini yake, na baadhi yao walikuwa na zile kubwa za miguu mitatu. Hakuna aliyepaza sauti.

Waliotangulia ni mabata bukini wenye miguu ya waridi. Hawa huzaliana Iceland na Greenland, hufika Norfolk kuanzia Septemba, hulala kwenye matope katikati ya ghuba ambako mbweha hawezi kuwafikia, na asubuhi huenda mashambani kula mabaki ya viazi vya sukari vilivyokwisha kuvunwa. Niliwasikia kabla ya kuwaona, kelele za juu zinazopokezana, halafu mistari mirefu ikajitokeza juu ya maji, mstari mmoja nyuma ya mwingine, ikapita juu ya vichwa vyetu kuelekea bara. Ukimtazama bukini mmoja mmoja utamwona akibadilisha nafasi yake katika mstari, wa mbele akirudi nyuma na mwingine akishika zamu.

Kisha maji yakaja. Katika ghuba iliyo tambarare kama hii bahari haipandi, inatembea, na mwaka 1216 msafara wa mizigo wa mfalme John unasimuliwa kuwa ulizama katika mipaka ya ghuba hiihii kwa kutoyaheshimu maji yake. Mita kwa mita matope yalipungua, na vitwitwi waliokuwa wametawanyika kwa kilomita nyingi wakasukumwa kuelekea kwetu hadi wakawa zulia la kijivu lililotandikwa ukingoni mwa maji. Wengi wao walikuwa wale ambao wanasayansi huwaita Calidris canutus, ndege wadogo wenye uzito wa gramu 140 hivi, ambao huzaliana kaskazini kabisa, Greenland na visiwa vya Aktiki vya Kanada, na huja hapa kwa ajili ya kome na viumbe wengine wadogo wenye magamba waliojificha matopeni. Ncha ya mdomo wa ndege huyu ina vihisio vinavyotambua mgandamizo wa maji kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo hutambua gamba gumu lililofukiwa bila kuligusa, na akilipata hulimeza zima, kulisaga ni kazi ya firigisi.

Maji yalipofunika kipande cha mwisho cha matope, waliruka wote kwa pamoja, makumi ya maelfu. Hapo ndipo somo la Jumamosi liliponifaa. Kundi hilo hugeuka kwa kasi ambayo jicho lisilozoea linapotea. Sehemu yake moja huonyesha migongo ya kijivu na nyingine huonyesha matumbo meupe, na weupe huo hukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wenzangu kadhaa waliinua darubini mara moja, wakaanza kuzungusha vichwa wakitafuta. Mimi niliyaacha macho yangu wazi, nikachagua ukingo wa mbele wa kundi, nikamganda ndege mmoja wa pembeni, na nikaileta darubini machoni bila kuhamisha macho, kama nilivyoambiwa kuileta bunduki shavuni. Nikawa naye. Nikazunguka naye kwa kiuno, si kwa shingo, miguu ikiwa imeelekea pale nilipotarajia kundi litageukia.

Kwa njia hiyo nilimwona kozi, ndege anayewinda ndege wenzake. Alitokea upande wa bara, chini sana, na kabla sijamtambua nilitambua kwamba kundi limejikunja na kuwa kipande kimoja kizito. Nikatafuta kinachosababisha, nikamwona akipanda kwa mapigo mafupi ya mabawa, akajitupa, akakosa, akapanda tena. Mlengaji yeyote angekielewa alichokifanya mara ya pili: hakulenga kundi, alilenga nafasi iliyo mbele ya ndege mmoja aliyechelewa kugeuka. Alimkosa na huyo pia, kwa upana wa bawa.

Hatimaye vitwitwi wakatua kwenye visiwa vya mabwawani, nyuma yetu, wakabanana hadi changarawe haikuonekana. Kutoka kwenye kibanda cha kutazamia niliwaona kwa karibu, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa katika manyoya ya mgongo, na wengine wakiwa na masalia ya rangi nyekundu ya kiangazi kifuani. Kadhaa walikuwa na pete miguuni. Kikundi cha watafiti wa kujitolea kimekuwa kikiwavisha ndege wa Wash pete tangu mwaka 1959, na njia mojawapo wanayotumia kuwakamata bila kuwadhuru ni wavu mkubwa unaorushwa juu yao na mizinga midogo ya baruti.

Kibandani niliketi kando ya mzee mmoja ambaye aliniambia, bila kusita, kwamba yeye ni mwindaji wa bata wa pwani hiyo tangu ujana wake. Sheria inawaruhusu kuwinda aina chache zilizotajwa kuanzia Septemba mosi hadi Februari 20 katika ukanda wa chini ya alama ya maji kujaa, na tangu mwaka 1999 hawaruhusiwi kutumia marisau ya risasi ya plumbi kwa ndege wa majini, kwa kuwa ndege huyaokota na kuyameza pamoja na vijiwe, yakawaua kwa sumu. Mimi siwindi na sina hamu ya kuwinda. Hata hivyo, mzee yule alimtambua kila ndege kwa mapigo ya mabawa yake akiwa bado ni doa, na alinionyesha sululu waliopita mbali kabla wengine kibandani hawajainua vichwa. Nilimheshimu kwa hilo, na nadhani mtu anayedharau ujuzi kama wake anajinyima mwalimu.

Ni yeye aliyenisihi nisirudi London kabla sijafika Sutton Bridge. Mchana nilikwenda huko kwa basi, nikatembea kando ya mto Nene kama saa moja hadi kwenye mnara mweupe wa mashariki, ambako mchoraji wa ndege Peter Scott aliishi kuanzia mwaka 1933 hadi 1939. Alifika katika matope haya akiwa mwindaji hodari wa mabukini, akakaa mnarani akiwachora, akafuga baadhi yao nje ya mlango wake, na baada ya vita, mwaka 1946, akaanzisha kituo cha kulinda ndege wa majini huko Slimbridge, magharibi mwa Uingereza. Baadaye aliacha kabisa kuwinda. Ukisimama kwenye tuta lile unaona ni kitu gani alikuwa anakitazama: mto wenye maji ya rangi ya chai, uwanda wa majani ya chumvi, na mistari ya mabukini ikirudi kutoka mashambani kwenda kulala.

Jumatatu nilimpigia simu mwalimu wangu wa shabaha nikamweleza habari za kozi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza bamvua ya Februari inaangukia lini. Tumeshapanga twende pamoja, Jumamosi uwanjani na Jumapili Snettisham. Mimi nitamletea darubini, naye ameahidi kwamba tutaanzia kwenye kizimba cha bata mdogo, ambacho bado kinanishinda.