Barua ya usimamizi si mwisho wa mirathi

Katika Mahakama za Mwanzo za Tanzania, mirathi nyingi hukwama baada ya msimamizi kuteuliwa. Familia huhangaikia cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo (huu ni utaratibu uliozoeleka, kanuni hazijaufanya sharti), tangazo na mapingamizi. Ikishatoka Fomu Na. 4, yaani barua ya usimamizi, kila mtu anarudi nyumbani akidhani shughuli imekwisha. Jalada linabaki wazi masjala, na msimamizi anaanza kuishi kama mrithi pekee.

Kanuni ya 10 ya Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, inamtaka msimamizi awasilishe Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni yote ya marehemu, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe. Muda ukibana, aombe nyongeza mapema. Baadaye anawasilisha Fomu Na. 6, ambayo ni hesabu, kwa vipindi atakavyopanga hakimu. Mirathi iliyofunguliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, kwa mfano Mahakama Kuu, ina muda wake: miezi 6 kwa orodha, mwaka 1 kwa hesabu.

Fomu Na. 5 ndipo ugomvi unapopandwa. Usiandike "nyumba moja, Temeke". Andika namba ya kiwanja na kitalu, namba ya hati au leseni ya makazi, na jina lililomo humo. Kama hati ina majina ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60, inachukulia kuwa haki zao ni sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kinachoingia kwenye orodha ni sehemu ya marehemu tu, si nyumba nzima. Wajane wengi wamegawiwa mali yao wenyewe kwa sababu ya kosa hili, na linaniuma kila ninapoliona kwenye jalada. Madeni nayo yaandikwe, ya kudai na ya kudaiwa.

Mpangilio wa kazi hauna mjadala: kusanya mali, lipa madeni na gharama, kisha gawa. Anayegawa kabla ya kulipa madeni hujikuta akidaiwa wakati warithi wameshauza.

Ardhi iliyosajiliwa ina hatua mbili. Kwanza msimamizi anasajiliwa kwa wadhifa wake wa msimamizi wa marehemu, halafu anahamisha kwa mrithi. Asipoifanya hatua ya pili, hati inabaki na jina lake, na akifariki yeye, watoto wake wanaanza kuidai.

Fomu Na. 6 ionyeshe kilichoingia, kilichotoka, na nani kapata nini, pamoja na stakabadhi na sahihi za warithi. Mrithi mwenye shaka apinge hapo hapo, hesabu zikiwa mezani. Mahakama ya Rufani imeshasema kuwa msimamizi aliyekwisha kuwasilisha orodha na hesabu hawezi tena kufutiwa uteuzi, kwa kuwa hakuna usimamizi uliobaki wa kufuta. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, kwa hiyo aombe nakala ya uamuzi siku ile ile unaposomwa.