Siku moja maishani mwangu: Jumamosi na watoto wa Kumasi

Wengi mnaniulizaga huku Ghana nafanya kazi gani hasa, haya leo naandika Jumamosi yangu nzima. Kifupi nafundisha watoto utamaduni wa huku kwa mikono, yani wanatwanga, wanachapa vitambaa, wanafuma, wanapika na wanacheza. Mimi mtu wa Pangani nimeolewa Uashanti, na watoto wangu ni wa miaka 6 mpaka 11, wengine Waashanti wa hapahapa Kumasi, wengine wazazi wao wametoka kaskazini, na wengine wamezaliwa London wamerudi juzijuzi tu hata Kitwi, lugha ya huku, hawajui.

Saa 11 alfajiri niko macho. Huku tuko nyuma masaa matatu kwahiyo mama Pangani ashakunywa chai zamani, ananipigia tunaongea huku nakata kitambaa cha marekani vipande vipande, kila mtoto na chake.

Saa 1 na nusu wanaanza kuingia. Kila asubuhi tunaanza na jina la siku, maana kwa Waakan, jamii kubwa ambayo Waashanti wamo ndani yake, kila mtoto ana jina la siku aliyozaliwa, wa kiume wa Ijumaa ni Kofi na wa kike ni Afia au Efua, Jumamosi ni Kwame na Ama. Ambaye hajui siku yake tunatafuta kwenye kalenda ya simu halafu anaandika kibandiko mwenyewe. Tulimtafutia Kofi Annan pia, 8 Aprili 1938, ikatoka Ijumaa kweli, watoto wakapiga kelele balaa. Mimi huku ni Akua maana nilizaliwa Jumatano, na nikawaambia kwetu pwani pia tuna kina Juma na Khamis wakataka kujua wa Jumatatu anaitwaje.

Saa 3 tunapanda trotro, ndo daladala za huku, tuliikodi kwenda Ntonso, barabara ya Mampong. Ntonso ndo mji wa adinkra, vile vitambaa vya kuchapa alama ambavyo watu huvaa hasa misibani. Hapa naomba niseme kwa urefu kidogo. Sehemu nyingi nimeona mtoto anapewa karatasi yenye ndege wa Sankofa, moja ya alama hizo, imeshachorwa apake rangi, akimaliza anaambiwa kajifunza Ghana. Inaniuma. Kila alama ile ni methali au wazo kamili, mtu akiivaa anasema jambo, kwahiyo kwangu mtoto haruhusiwi kugusa muhuri mpaka aniambie anataka kusema nini na anamwambia nani.

Kwanza rangi. Wanatumia magome ya mti wanaouita badie, yanalowekwa, yanatwangwa kwenye kinu, yanachemshwa na kuchujwa, halafu yanarudi jikoni tena mpaka maji yawe meusi na mazito. Watoto wanatwanga kwa zamu, wawiliwawili, mchi umewazidi urefu. Mihuri inachongwa kwenye vipande vya kibuyu, nyuma kuna vijiti vimefungwa pamoja ndo mpini. Sasa kibuyu kina mzingo, ukikandamiza tu kama muhuri wa ofisini unapata katikati peke yake, inabidi ukilaze upande mmoja ukibiringishe taratibu mpaka upande wa pili. Mzee mchapaji aliwaonesha bila kusema neno, akachovya, akakung'uta matone, akabiringisha, akainua. Watoto kimya kabisa wanaangalia mkono wake tu.

Karibu wote walitaka Gye Nyame, yani "isipokuwa Mungu", kwasababu wanaiona kwenye teksi na maduka kila kona. Lakini binti mmoja ambaye anagombana na kaka yake kila siku akachagua mamba wawili wenye tumbo moja wanaogombania chakula wakati kinaingia tumbo lilelile, akasema hiki naenda kukitundika mlangoni kwa kaka. Jamani! Mwingine wa miaka 7 akachukua pembe za kondoo dume, ambazo ni nguvu pamoja na unyenyekevu, anampa babu yake. Na yule wa London nikamwambia kitambaa cha adinkra cha zamani zaidi kilichobaki kilichukuliwa hapa Kumasi 1817 na sasa kiko British Museum, akasema akirudi ataenda kukiangalia. Mistari ikapinda, rangi ikadondoka, na mimi sirekebishi kitu cha mtoto, kinaenda nyumbani hivyohivyo. Wazazi nawaambia tu wasikiloweke kwenye sabuni.

Saa 7 tumerudi njaa inauma. Tunapika kelewele, ndizi mzuzu zilizoiva, zinakatwa vipande vidogo, zinachanganywa na tangawizi, pilipili na chumvi halafu zinakaangwa. Kukaanga ni mimi, kusaga viungo ni wao, kwenye asanka, bakuli la udongo lenye mistari ndani, unasagia kwa mti wake. Wakapiga chafya wee!

Saa 9 wasichana wako nje na ampe, kuruka na kupiga makofi na kutoa mguu, wavulana nao wakaingia. Ndani oware, ndo bao la huku. Mashimo 12 kete 48, nne kila shimo, kete yako ya mwisho ikiangukia kwa mwenzio shimo likawa na mbili au tatu unazila zinatoka kabisa. Mimi niliyekulia pembeni ya baraza la bao, mashimo 32 na kete 64 na ukila unazipanda tena upande wako, bado mkono unataka kuzirudisha, watoto wananishika, Anti unaiba.

Saa 10 tunafuma. Hatuna vitanda vya kufumia kama vya Bonwire, mji wa wafumaji wa vitambaa vya kente, ambapo mfumaji anavuta kamba kwa vidole vya miguu, tuna maboksi tuliyochana meno juu na chini tukatanda sufi, na wakati wanapitisha uzi nawasimulia vile watu wa Bonwire wanavyosema mababu zao walijifunza kente kwa kumtazama buibui Ananse akifuma. Ufumaji wa kente uliingia kwenye orodha ya UNESCO Desemba 2024, watoto wanajua hiyo wanajidai nayo.

Saa 11 na nusu wazazi wamechukua watoto, nafagia.

Saa 2 usiku najibu meseji ya mwalimu wa Dodoma anataka kufanya haya na darasa lake. Nikamwambia mihuri achonge viazi kama vibuyu havipati, ila kila mtoto aseme maneno yake kwanza, na kama kuna methali ya nyumbani inayosema kitu hichohicho waichoree alama yao wenyewe. Kwa oware achukue trei ya mayai akate mistari miwili tu, kila mstari una mashimo 6, na kete atumie komwe, huku pia ndo wanazochezea.